Helen Keller: Sifa Peke Yake Haitoshi

Ni watu wachache wenye ulemavu waliosifiwa duniani kama Helen Keller wa Marekani. Alizaliwa tarehe 27 Juni 1880 katika mji wa Tuscumbia, Alabama. Akiwa na umri wa miezi 19 aliugua, na ugonjwa huo ukamwacha haoni wala hasikii.

Mwezi Machi 1887 alifika mwalimu wake, Anne Sullivan, msichana wa miaka 20 ambaye naye alikuwa na uoni hafifu na alikulia katika nyumba ya kutunzia maskini. Alimfundisha Helen kwa kutengeneza herufi kwa vidole ndani ya kiganja chake. Mwezi uliofuata, wakiwa kwenye pampu ya maji, mtoto alielewa kwamba alama zile zilikuwa jina la kitu kilichokuwa kikimwagika mkononi mwake. Mwaka 1904 alihitimu Chuo cha Radcliffe, akiwa kiziwi asiyeona wa kwanza kupata shahada.

Safari hiyo hakuifanya peke yake. Mwandishi Mark Twain alimwombea msaada kwa tajiri Henry Rogers, ambaye aligharamia masomo yake. Anne aliketi naye darasani akimpitishia maneno ya walimu mkononi.

Watu walimpenda Helen alipoeleza jinsi alivyoshinda matatizo yake. Alipotaja visababishi vya matatizo hayo, wengine walinuna. Mwaka 1907 aliandika waziwazi kuhusu watoto wachanga wanaopofuka kwa sababu ya magonjwa ya zinaa ya wazazi, wakati matone ya dawa machoni mara baada ya kuzaliwa yangeweza kuwakinga. Siku zile lilikuwa jambo la aibu kulitamka. Baadaye alisema pia kwamba umaskini na viwanda visivyo salama vinaleta upofu, akajiunga na chama cha kisoshalisti. Hapo mhariri mmoja aliyekuwa akimsifu aliandika kwamba makosa yake yanatokana na ulemavu wake.

Helen hakunyamaza. Kuanzia mwaka 1924 alifanya kazi na shirika la wasioona la Marekani, na alitembelea nchi zaidi ya 30, zikiwemo Afrika Kusini mwaka 1951 na Misri mwaka 1952, akitetea elimu na ajira kwa wasioona. Alifariki tarehe 1 Juni 1968.

Tunajifunza nini? Ni rahisi kumpigia makofi mlemavu mmoja hodari, kisha kumsahau yule aliyefichwa ndani jirani yetu. Kamati zetu za parokia zijiulize:

- Je, tunawafahamu watoto wenye ulemavu katika kila jumuiya?
- Nani anawasindikiza shuleni na kliniki?
- Je, wenye ulemavu wamo katika kamati, na wakitukosoa tunawasikiliza?

Nanyi wafadhili wetu, kumbukeni kwamba nyuma ya Helen alikuwepo mwalimu aliyehitaji mshahara kila mwezi. Tukimsifu Helen, tusimsahau Anne.