Haki ya Kutoitikia: Ngoma, Mchezo wa Nyimbo na Haki za Wafanyakazi katika Maniema ya Kusini

1.0 Utangulizi

Vyama vya wafanyakazi vinapozungumzwa, mawazo yetu huelekea kwenye sheria, mikataba na mikutano. Ni nadra kufikiria ngoma. Hata hivyo, historia ina mifano ya wafanyakazi waliojifunza kudai haki zao kwa kuimba na kuigiza. Mwaka 1937, mjini New York, washonaji wa nguo walipanda jukwaani wenyewe, kwa udhamini wa chama chao, katika mchezo wa nyimbo ulioitwa Pins and Needles, ambao ulionyeshwa zaidi ya mara 1,100. Mwaka 1954 ukafuata The Pajama Game, ambao kiini chake ni mgogoro wa kiwandani juu ya nyongeza ya senti saba na nusu kwa saa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba somo hilo halihitaji kuagizwa kutoka ng'ambo. Kwa "mchezo wa nyimbo" tuna maana ya sanaa yoyote ambamo kundi la watu huimba, hucheza na kuigiza nafasi za watu wengine mbele ya hadhira. Kwa maana hiyo ngoma ya beni imo, na michezo ya kuigiza ya Kiswahili ya Kongo imo. Umbo lake la msingi linafahamika kwa kila msomaji: mmoja huanzisha, wengi huitikia. Hoja yetu ni kwamba nguvu ya waitikiaji haimo katika kuitikia tu, bali pia katika uwezo wao wa kunyamaza. Mgomo, kwa lugha ya ngoma, ni kutoitikia kwa pamoja. Tutaifuata hoja hii kutoka Kabambare na Kasongo hadi miji ya migodi, kisha tutarejea Kabambare ya leo.

2.0 Kabambare, 1871

Kasongo ilikuwa makao makuu ya Tippu Tip magharibi ya Ziwa Tanganyika hadi majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalipouteka mji huo mwezi Aprili 1893. Kabambare ilikuwa kituo katika njia ya misafara iliyotoka Ujiji kuelekea Nyangwe. Kiswahili kilifika huko pamoja na kazi: kazi ya kubeba, kupika, kulinda na kutafsiri.

Mwezi Februari 1871, David Livingstone alipokuwa Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, alipokea watu kumi waliotumwa kwake kutoka pwani. Watu hao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kihindi, waliokodishwa kwa ujira. Walikataa kuelekea kaskazini na wakadai waongezewe malipo. Livingstone, ambaye hakuwa na watu wengine wa kutosha, hakuwa na budi kukubali nyongeza kabla ya safari kuendelea.

Livingstone aliwaona kuwa waasi. Lakini tukiliangalia tukio hilo kwa jicho la mwanafunzi wa historia ya kazi, tunaona jambo lenye uzito. Watu hawa hawakuwa na chama wala sheria, na hata miili yao ilihesabiwa kuwa mali ya wengine. Walichokuwa nacho ni kimoja: bwana alipoanzisha, hakuna aliyeitikia.

3.0 Beni: ngoma yenye sura ya chama

Beni ilizaliwa katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, na jina lake limetokana na neno la Kiingereza la bendi. Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alionyesha jinsi ilivyosafiri na askari, makarani na vibarua hadi bara, ikafika Rhodesia ya Kaskazini na Kongo.

Tukiiangalia beni kwa utaratibu wake, tunakuta karibu kila kiungo cha chama cha wafanyakazi. Ilikuwa na vyeo: mfalme, jenerali, daktari. Ilikuwa na michango, sare na nidhamu. Mwanachama aliyeugua aliangaliwa, na aliyefariki ugenini alizikwa kwa heshima. Zaidi ya hayo, kibarua aliyeigiza jenerali jioni aligundua kwamba cheo ni vazi, na vazi huvuliwa. Hilo ni funzo kubwa kwa mtu anayepaswa kesho yake kusimama mbele ya msimamizi wa kizungu.

Mwezi Mei 1935, wachimbaji wa shaba wa Mufulira, kisha Nkana na Luanshya, waligoma kupinga ongezeko la kodi. Huko Luanshya polisi waliwaua watu sita. Tume ya uchunguzi ilijishughulisha sana na Mbeni, kama ngoma hiyo ilivyoitwa huko. Wanahistoria wametofautiana kuhusu kiasi cha mchango wake, lakini wasiwasi wa watawala unaeleweka: mahali ambapo Mwafrika hakuruhusiwa kuwa na chama, ngoma ndiyo iliyokuwa na orodha ya wanachama.

Watu wa Maniema hawakuwa mbali na mambo haya. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière ilikusanya vibarua wake wa Katanga kutoka Maniema pia, na Kiswahili kikawa lugha ya kazi migodini. Desemba 1941 wafanyakazi wa kampuni hiyo waligoma wakidai mishahara. Tarehe 9 ya mwezi huo, mjini Elisabethville, askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira, na makumi ya watu wakafa. Vyama vya wafanyakazi wa Kiafrika viliruhusiwa mwaka 1946 tu, tena chini ya uangalizi mkali, na ruhusa hiyo ikapanuliwa mwaka 1957.

4.0 Ngoma ya amri

Ingekuwa kosa kudhani kwamba kila wimbo wa wafanyakazi ni wimbo wa haki. Mwaka 1967 serikali ya Mobutu iliunganisha vyama vyote vya wafanyakazi kuwa kimoja, ambacho baadaye kiliitwa UNTZA na kuwekwa chini ya chama tawala cha MPR. Katika miaka ya 1970 ikaenea "animation politique", yaani wafanyakazi wa ofisi na makampuni kupangwa ili wacheze na kuimba sifa za Rais.

Kwa umbo, ngoma hiyo haikukosa kitu. Kiongozi alikuwapo, waitikiaji walikuwapo, sare zilikuwapo. Kilichokosekana ni hiari ya kunyamaza. Ndiyo maana chama kimoja cha lazima na ngoma moja ya lazima vilistawi katika kipindi kimoja, na upinzani wa vyote viwili ukapata nafasi ya kusikika wazi baada ya hotuba ya tarehe 24 Aprili 1990 iliyofungua njia ya vyama vingi. Kwa hiyo swali la kwanza la kuuliza kuhusu mchezo wowote unaohusu haki za wafanyakazi ni hili: jukwaa ni la nani, na anayekataa kuitikia hupatwa na nini?

5.0 Somo la Mufwankolo

Mfano ulio kinyume cha huo ni kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian alilichunguza mwaka 1986 na kulieleza katika kitabu chake cha mwaka 1990. Kundi hilo lilitunga michezo kwa Kiswahili cha Katanga bila kuandika maneno ya wahusika. Waigizaji walikubaliana kwanza juu ya muhtasari, wakabishana kuhusu maana yake, kisha kila mmoja akatafuta maneno yake mwenyewe. Mchezo alioufuatilia Fabian ulihusu msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na majadiliano ya kundi juu ya msemo huo yalikuwa na thamani sawa na mchezo wenyewe.

Hapa pana funzo ambalo beni peke yake haitoi. Sauti moja inayotangulia majadiliano ni amri. Sauti moja inayotokana na majadiliano ni makubaliano. Chama kisichobishana ndani hakitofautiani sana na ngoma ya kusifu.

6.0 Kabambare ya leo

Mgodi wa dhahabu wa Namoya, karibu na Salamabila katika wilaya ya Kabambare, ulitangazwa kuanza uzalishaji wa kibiashara Januari 2016. Kandokando ya migodi ya namna hii huishi wachimbaji wadogo wengi ambao hawana mwajiri wala mkataba. Katiba ya mwaka 2006 inatambua uhuru wa vyama vya wafanyakazi katika ibara ya 38 na haki ya kugoma katika ibara ya 39. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inamlinda mwajiriwa. Lakini mchimbaji mdogo atagoma dhidi ya nani? Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inamtaka awe mwanachama wa ushirika, na ushirika unaweza kuwa chama chake au kuwa bwana wake mpya.

Tena, sheria hizi zimeandikwa kwa Kifaransa, ilhali kazi inafanywa kwa Kiswahili. Wanawake wanaoponda mawe ya dhahabu katika Kongo ya mashariki huitwa "twangaises", neno lililoundwa kwa kitenzi chetu cha kutwanga. Kazi yao imekwisha kuingia katika lugha. Haki zao bado.

Hapa ndipo mchezo wa nyimbo unapoweza kufanya kazi ambayo kijitabu cha sheria hakiiwezi. Mtwangaji akiigiza mnunuzi, na mwenye shimo akiigiza mtwangaji, hesabu ya mgawo itasemwa hadharani kwa lugha inayoeleweka, na hadhira itaamua iitikie au isiitikie. Idara zetu za Kiswahili zinaweza kusaidia kwa kukusanya istilahi za kazi za Kasongo na Kabambare, na kwa kuzitumia kueleza maana ya mkataba, mchango na mgomo.

7.0 Hitimisho

Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Wimbo hauwezi kuchukua nafasi ya mkataba uliotiwa saini, wala kiitikio hakiwezi kuwa hazina ya chama. Lakini mkataba ambao wanachama hawajawahi kuujadili kwa maneno yao wenyewe nao haudumu. Wale watu kumi wa Kabambare walipata nyongeza yao kwa kukataa pamoja, kisha safari ikaendelea na wao wakabaki watumwa. Tofauti kati ya nyongeza na haki ni chama kinachobaki baada ya wimbo kwisha.