Mita Nunua, Pawa Saplai Tengeneza

Anayeanza kujifunza elektroniki kwa mapenzi yake, nje ya darasa, hukutana mapema na mashauri mawili yanayopingana. La kwanza humtaka atengeneze kila kifaa cha mezani pake, maana kutengeneza ndiko kujifunza. La pili humtaka anunue kila kitu, kwa kuwa maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue, Nairobi, yamejaa vifaa vya bei nafuu, na muda nao ni mali. Yote mawili yanakosea mahali pamoja: yanavichukulia vifaa vyote kuwa vya aina moja. Kuna kifaa ambacho kazi yake ni kukwambia ukweli wa saketi, na kuna kifaa ambacho kazi yake ni kuilisha saketi hiyo umeme. Cha kwanza kinunuliwe, na kitengewe fungu kubwa la fedha zilizopo. Cha pili akitengeneze mwanafunzi kwa mikono yake.

Tuanze na mita, maana hapo ndipo kosa lina hasara kubwa. Chukua betri ya volti 9 na rezista mbili za omu 100,000 kila moja, uziunge mfululizo. Hesabu haina utata: katikati yake pana volti 4.5. Sasa pima hapo kwa mita ya mshale ya bei ya chini, ile iliyoandikwa omu 2,000 kwa kila volti, ukiwa umeiweka kwenye kipimo cha volti 10. Mita hiyo ina ukinzani wa omu 20,000, nao ukiungana sambamba na rezista moja unaushusha ukinzani wa upande huo hadi omu 16,700 hivi. Mshale utasimama karibu na volti 1.3. Mita haijaharibika, imesoma kwa usahihi volti iliyopo, ila ni yenyewe iliyoishusha. Multimita ya kidijiti yenye ukinzani wa omu milioni 10 itaonyesha takriban volti 4.48 mahali palepale. Mwenye mita ya kwanza atang'oa rezista nzima, atakishuku kitabu, na mwishowe ataishuku akili yake. Wengi huiacha fani hii hapo, nao hawakuwa na kosa lolote.

Atasema mtu kwamba kujitengenezea mita ndiyo njia bora ya kuyaelewa mambo hayo ya ukinzani. Ni kweli, na siku moja inafaa kufanywa. Lakini mita mpya haijulikani kama inasema kweli mpaka ilinganishwe na nyingine inayoaminika, na anayeanza hana hiyo nyingine. Muuza nafaka hajichongei mawe ya mizani. Tena kuna usalama. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya. Mtu akisahau waya wa mita kwenye tundu la ampea kisha akagusa soketi ya ukutani, kinachomkinga na mlipuko ni fyuzi iliyomo ndani. Katika mita nyingi za bei ya chini, tundu la ampea 10 halina fyuzi kabisa, na pembeni yake pameandikwa hivyo. Soma maandishi hayo kabla ya kulipa.

Pawa saplai ni habari nyingine. Kiini chake kinaweza kuwa IC moja, LM317, iliyobuniwa na Robert Dobkin katika miaka ya 1970 na inayouzwa hadi leo. Volti inayotoka ni 1.25 ikizidishwa kwa moja kujumlisha uwiano wa rezista mbili: weka omu 240 na omu 720, utapata volti 5. IC hiyohiyo ikiungwa kwa namna nyingine hubana mkondo: rezista ya omu 12 huuzuia usivuke miliampea 100 hivi. Ukiziunga LM317 mbili, ya kwanza ibane mkondo na ya pili ipange volti, umepata kifaa kinachovumilia makosa. Transista iliyogeuzwa miguu mara nyingi itapata joto tu badala ya kuungua. Mwanafunzi naye amekutana na karibu kila somo la mwanzo: kanuni ya Ohm, kazi ya kapasita, na joto. Ukiingiza volti 19 na kutoa volti 5 kwa miliampea 100, wati 1.4 zinageuka joto. Uondoe ule mbano na kuvuta ampea nzima, zinakuwa 14, na bila kipande cha alumini cha kupoozea IC itajizima yenyewe.

Pingamizi zito ni kwamba kuchezea umeme wa ukutani ni hatari kwa mgeni wa kazi. Nalikubali, na ndiyo sababu ujenzi uanzie baada ya adapta ya kompyuta mpakato. Adapta nzima, isiyochubuka waya, imekwisha kuutenga umeme wa ukutani na kutoa volti 19, usiifungue. Wengine hushauri pawa saplai ya kompyuta kuukuu, ambayo huwaka waya wa kijani ukiunganishwa na mweusi. Lakini ile huweza kutoa ampea 20 au zaidi kwenye volti 5, na kosa dogo huunguza waya kabla haijajizima. Bei nayo si hoja hapa. Hata kama ya dukani ingekuwa rahisi zaidi, ikiharibika ungebaki na boksi usilolielewa, ilhali ya kwako unajua kila rezista iliko na kwa nini iliwekwa.

Pasi ya kulehemu haina mjadala: inunuliwe, na ikiwezekana iwe ya kurekebisha joto. Risasi ya kulehemu yenye asilimia 60 ya bati na 40 ya risasi halisi huyeyuka kati ya nyuzi 183 na 190, lakini ncha huhitaji joto zaidi ya hapo ili kiungo kishike haraka kabla kijenzi hakijaungua. Osiloskopu ingoje. Na fedha za mwezi huu zikitosha kitu kimoja tu, nunua mita.