Namba Tasa na Namba Ambatani: Mfano wa Kete 64

Istilahi ya hisabati haipimwi kwa uzuri wa sauti yake, bali kwa uwezo wake wa kubeba fasili moja tu. Katika makala haya tunakusudia kueleza istilahi chache za namba, na kupendekeza moja, kwa mfano ambao mwalimu wa Unguja ataupata barazani.

Bao la Kiswahili, linalochezwa katika baraza za Mji Mkongwe na mashamba, lina mashimo 32 na kete 64. Tuseme kete hizo zimepangwa safu moja, na kila moja imepewa hesabu ya punje za mchele: ya kwanza punje 1, ya pili 2, ya tatu 4, na hivyo hivyo kwa kuzidisha mara mbili hadi ya mwisho. Hesabu hii ndiyo ile ya hadithi ya sataranji na punje za ngano, aliyoisimulia Ibn Khallikan katika karne ya 13, kwani ubao wa sataranji nao una miraba 64. Jumla ya punje zote ni 18,446,744,073,709,551,615.

Namba hii ina tarakimu 20. Tarakimu ni alama ya kuandikia; namba ni kiasi kinachoandikwa. Kwa kuwa tarakimu yake ya mwisho ni 5, namba hii ni witiri, si shufwa. Maneno haya mawili yana asili ya Kiarabu, na witiri hulijua kila aliyefundishwa sala. Hesabu imeyapokea bila taabu.

Namba inayogawa nyingine bila baki huitwa kigawo chake. Namba tasa ni ile yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Namba yetu si tasa: 5 huigawa, na 3 pia, maana jumla ya tarakimu zake ni 87. Ikichambuliwa hadi mwisho, hupatikana vigawo tasa saba: 3, 5, 17, 257, 641, 65,537 na 6,700,417. Kwa kuvizidisha kwa namna zote, tunapata vigawo 128, pamoja na 1 na namba yenyewe.

Ukubwa wa namba usimdanganye mtu. Katika karne ya 17 Pierre de Fermat alidhani kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alionyesha kuwa 641 huigawa bila baki, na jawabu ni 6,700,417. Namba hiyo nayo ni kigawo cha jumla ya punje zetu.

Je, namba yenye vigawo zaidi ya viwili tuiiteje? Mfasiri aweza kushawishika kusema "namba changamano". Hapana budi ajihadhari, kwani istilahi hiyo hutumika kwa namba zinazohusu kipeuo cha pili cha −1. Mwanafunzi aliyefundishwa maana moja, kisha akaulizwa nyingine katika mtihani, atakosa alama kwa kosa lisilo lake.

Tunapendekeza "namba ambatani". Walimu wa lugha wanazo tayari nomino ambatani, kama "mwanamaji", iliyoundwa kwa "mwana" na "maji". Tofauti moja ielezwe mapema: nomino huunganishwa, ilhali vigawo huzidishwa. Kadhalika ifahamike kuwa 1 si tasa wala si ambatani, kwa sababu ina kigawo kimoja tu.

Wafasiri, walimu na watumishi wanaoandaa mihtasari na mitihani wakubaliane kwanza juu ya fasili, ndipo wachague neno. Neno likishachaguliwa, litumike hilo hilo darasani, kitabuni na katika karatasi ya mtihani.