Mnada wa Mtandaoni: Weka Dau kwa Hesabu, Si kwa Presha

Zamani ukitaka kununua kitu mnadani, ulidamka asubuhi, ukafika kwenye yadi, ukasukumana na umati na kuinua mkono huku dalali akipaza sauti. Siku hizi benki, mashirika ya mikopo na madalali huweka magari, pikipiki, mashine na hata mashamba kwenye tovuti. Unataja bei ukiwa umekaa kwenye matatu, na amana unalipa kwa simu.

Ni rahisi kweli, na hapo ndipo shida huanzia. Kidole kinaweza kuongeza KSh 20,000 kwa sekunde moja, kabla kichwa hakijauliza, "Na hizo zitatoka wapi?"

Kushinda mnada si kama kuweka kitu kwenye kikapu cha duka la mtandaoni. Ukishinda, umejifunga. Katika minada mingi ya mashamba na nyumba hapa Kenya, mshindi hutakiwa kulipa asilimia 25 ya bei papo hapo nyundo ikigongwa, na salio ndani ya siku 90. Kwa shamba la KSh 2,000,000, hiyo ni KSh 500,000 siku hiyo hiyo. Salio likikosekana, nusu milioni hiyo iko hatarini, na pengine ilikuwa akiba ya chama ya miaka kumi. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza, soma haya.

Kwanza, jua huu ni mnada wa aina gani

Watu wengi hupoteza pesa kwa sababu wanatumia mbinu moja kwa kila mnada. Kuna aina mbili utakazokutana nazo sana.

Ya kwanza ni mnada wa wazi. Kila mtu anaona bei ya sasa, na inapanda. Baadhi ya tovuti, eBay ikiwa maarufu zaidi, hukuruhusu kuandika dau lako la juu kabisa na kuacha mtambo ukupandishie kidogo kidogo. Tuseme umeandika KSh 470,000, na mshindani wako wa karibu mwisho wake ni KSh 430,000. Kama bei hupanda kwa KSh 5,000, wewe utalipa KSh 435,000, si 470,000. Katika mnada kama huu, huna sababu ya kuficha kiwango chako. Kiandike jinsi kilivyo, uende ukafanye kazi zako.

Mchumi William Vickrey alieleza wazo lililo karibu na hili mwaka wa 1961, na mwaka wa 1996 akapewa Tuzo ya Nobel. Alionyesha kwamba mshindi akilipa bei ya aliyemfuata badala ya bei yake mwenyewe, jambo la busara kwa kila mtu ni kutaja thamani yake ya kweli. Ukitaja chini, unaweza kupoteza kitu ambacho ungekipata kwa bei nzuri. Ukitaja juu, unaweza kukipata kwa bei itakayokuuma.

Aina ya pili ni dau la siri. Unajaza fomu, unaandika bei moja, na huoni za wenzako. Akifunguliwa bahasha mwenye bei ya juu, analipa alichoandika. Hapa mambo hubadilika. Ukiandika kiwango chako chote na ukashinda, hujaokoa hata shilingi. Kwa hivyo unashusha kidogo. Washindani wakiwa wachache, unaweza kushusha zaidi. Wakiwa wengi, nafasi ya kushusha inakuwa finyu, maana kuna uwezekano mkubwa mmoja wao amekukaribia.

Ndiyo maana swali la kwanza si "niweke ngapi?" Ni "mshindi analipa bei gani, yake au ya aliyemfuata?" Jibu liko kwenye masharti. Yasome yote, hata yale maandishi madogo ya chini.

Piga hesabu kutoka nyuma

Chukua mfano wa Probox, gari ambalo wafanyabiashara wengi hulitaka kwa kubebea mizigo. Tuseme likiwa zima, gari la mwaka huo linauzwa KSh 700,000 mtaani. Usianze na bei ya mnada. Anza na hiyo ya mtaani, kisha uondoe:

- Tairi nne na betri: KSh 45,000
- Mekanika na vipuri vya mwanzo: KSh 40,000
- Kulivuta kutoka yadi: KSh 10,000
- Kuhamisha umiliki na ada nyinginezo: KSh 15,000
- Yale usiyoyaona, tuseme asilimia 10: KSh 70,000

Jumla ni KSh 180,000. Unabaki na KSh 520,000. Hapo ndipo hupati wala hupotezi. Ni sawa na kama ungenunua mtaani tu. Sasa ondoa KSh 50,000 kwa usumbufu na hatari, kwa sababu gari la mnadani huuzwa lilivyo na lilipo, na kwa kawaida huruhusiwi kuliendesha barabarani kabla ya kununua. Mwisho wako ni KSh 470,000.

Andika namba hiyo kwenye karatasi kabla mnada haujafunguliwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mpe mke, mume au mweka hazina wa chama aishike. Ukianza kusema "wacha niongeze kidogo tu", yeye ndiye atakukumbusha kwamba ile namba uliiandika ukiwa umetulia.

Kumbuka pia kwamba watu hupenda kusimama kwenye namba nzima kama 400,000 au 450,000. Kama bado uko chini ya mwisho wako, dau la KSh 451,500 linaweza kumpita mtu aliyejiambia "450,000 basi".

Kushinda kunaweza kuwa hasara

Fikiria watu kumi wanakisia thamani ya gari moja. Wengine watakisia chini, wengine juu. Nani atashinda? Yule aliyekisia juu zaidi, na mara nyingi huyo ndiye aliyekosea zaidi.

Wachumi huiita laana ya mshindi. Mwaka wa 1971 wahandisi watatu wa Marekani, Capen, Clapp na Campbell, waliieleza walipochunguza kwa nini kampuni za mafuta zilikuwa zikipata faida ndogo kuliko zilivyotarajia kwenye vitalu zilivyoshinda katika Ghuba ya Mexico. Kampuni hizo zilikuwa na wataalamu na vipimo, na bado zililipa kupita kiasi. Sembuse wewe uliye na picha sita za simu?

Dawa yake ni kujua zaidi na kushuka zaidi. Nenda siku ya kukagua ukiwa na mekanika wako, si binamu anayependa magari. Angalia rekodi za gari NTSA kupitia eCitizen ujue limesajiliwa kwa jina la nani. Kama ni shamba, fanya upekuzi wa hati na ulitembelee, uone kama kuna watu wanaishi humo. Kisha ukiona washindani ni wengi sana, usichukulie kwamba kitu hicho ni dhahabu. Kadiri walivyo wengi, ndivyo mshindi anavyoelekea kuwa aliyezidisha.

Dakika za mwisho

Wako wanaosubiri hadi sekunde kumi za mwisho ndipo waingize dau. Inafaa? Inategemea saa ya mnada.

Watafiti Alvin Roth na Axel Ockenfels, katika makala yao ya mwaka wa 2002, walilinganisha minada ya eBay, iliyokuwa ikifungwa saa ile ile iliyotangazwa, na ile ya Amazon ya wakati huo, ambayo ilijiongeza dakika kumi kila dau jipya lilipoingia mwishoni. Walikuta kuvizia dakika za mwisho kulikuwa kwingi zaidi eBay. Inaeleweka: kama muda unaongezwa kila mara, kuvizia hakuna maana.

Kwa hivyo kama mnada wako hujiongeza muda, usijisumbue kuvizia. Kama hufungwa kabisa, kuchelewa kunaweza kukusaidia usiwape wengine hamasa ya kukupandishia. Lakini jihadhari na mtandao wa kwetu: stima ikipotea au bando likiisha sekunde ya nane, umekosa. Dakika mbili au tatu kabla ni salama zaidi.

Hatari kubwa ya dakika za mwisho ni moyo. Mtu akikupita, unahisi kama amekunyang'anya kitu ambacho tayari ni chako. Si chako bado. Akipita namba yako, mwachie. Probox nyingine itakuja mwezi ujao.

Mnada ambao si mnada

Kuna matangazo ya "shinda TV kwa KSh 37" ambapo kila dau unalotuma unalilipia, ushinde usishinde. Hebu piga hesabu: watu 1,000 wakituma madau 20 kila mmoja kwa KSh 20, mwandalizi amekusanya KSh 400,000. Mmoja anaenda na TV; wengine 999 wamechangia. Huo ni mchezo wa kubahatisha uliovaa nguo za mnada, na hakuna mbinu ya kuushinda. Mnada wa kawaida haukutozi pesa kwa kila dau.

Ukilipa, lipa hivi

- Hakikisha dalali ana leseni. Madalali hapa Kenya husimamiwa na bodi ya leseni chini ya Sheria ya Madalali ya 1996. Kama tangazo linataja benki, pigia benki hiyo kwa namba unayoijua wewe, si ile iliyo kwenye tangazo.
- Lipa amana kwa namba ya biashara au akaunti iliyotajwa kwenye masharti. Ukiambiwa "tuma kwa simu ya karani, ofisi imefungwa", hapo simama.
- Soma jina la mpokeaji linalojitokeza kwenye skrini kabla ya kuweka PIN. Lisipolingana na la dalali, katisha. PIN yako haihitajiki na mtu yeyote, hata anayedai anakurudishia amana.
- Panga kiwango mapema. Muamala mmoja wa pesa kwa simu hauzidi KSh 250,000, na kwa siku nzima ni KSh 500,000. Kama utadaiwa zaidi, ongea na benki yako kabla ya siku ya mnada, si baada ya nyundo.
- Hifadhi ujumbe wa malipo na uombe risiti. Uliza kwa maandishi amana hurudishwa siku ngapi baada ya mnada ukishindwa.

Ukimaliza mnada bila gari lakini na pesa zako zote kwenye simu, hujashindwa. Umelipa bei ya busara kwa kitu ambacho hakikukufaa: sufuri.