Skrini Nzima na Pambizo za Baskerville

Skrini nzima ni hali ya programu ya kuandikia ambamo menyu, vitufe, saa na arifa hufichwa, mwandishi akabaki na maneno yake tu. WriteRoom, programu ya kompyuta za Mac iliyotoka mwaka 2006, iliipa hali hii umaarufu. Siku hizi hata Microsoft Word na LibreOffice zinayo. Wengi hudhani kazi ya mbunifu hapa ni kuondoa. Kuondoa ndiyo sehemu nyepesi. Vikishaondolewa vyote hubaki ukurasa, na ukurasa mtupu huanika kila kosa la vipimo.

Aliyelifahamu hilo barabara ni John Baskerville wa Birmingham. Alianza mjini humo kama mwalimu wa mwandiko na mchongaji wa mawe ya makaburi, akatajirika kwa vyombo vilivyopakwa vanishi kwa mtindo wa Kijapani, kisha akaugeukia uchapaji. Mwaka 1757 alitoa kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil kwa Kilatini. Wachapaji wa zama zile walipenda kuremba kurasa kwa maua na fremu. Yeye aliacha karibu mapambo yote, akategemea herufi, pambizo pana na nafasi ya kutosha kati ya mistari. Utupu huo ulimgharimu miaka ya kazi. Alisanifu herufi mpya, akachanganya wino mweusi zaidi, akaurekebisha mtambo, akatumia karatasi laini isiyo na michirizi, na karatasi ikishachapwa aliibana kati ya mabamba ya shaba yaliyopashwa moto. Leo, mbele ya Baskerville House katika Centenary Square mjini Birmingham, sanamu ya David Patten ya mwaka 1990 inasimamisha herufi za jina la Virgil zikiwa zimegeuzwa, kama zinavyokaa kwenye chapa.

Mbunifu wa programu hana karatasi wala wino, lakini maswali yake ni yale yale, na la kwanza ni pambizo. Skrini ya kompyuta ni pana. Mstari ukiachwa utambae toka ukingo hadi ukingo, jicho linaporudi kushoto hupotea njia, likasoma mstari ule ule mara mbili. Desturi ya wachapaji ni herufi 45 hadi 75 kwa mstari. Mwongozo wa W3C kuhusu ufikivu wa tovuti unaweka kikomo cha 80.

Vipimo hivi havikukatwa kwa mwili wa Kiswahili. Neno “wasingalitusaidia” lina herufi 17, na peke yake ni sentensi kamili. Katika mstari wa herufi 45 maneno ya namna hiyo huingia mawili tu. La tatu husukumwa chini na kuacha pengo. Mistari ikilazimishwa ilingane pande zote mbili, mapengo hayo huhamia kati ya neno na neno na ukurasa ukaonekana una matundu. Kwa anayeandika Kiswahili, basi, herufi zinazokaribia 70 zinafaa zaidi, na upande wa kulia uachwe huru.

Swali la pili ni herufi na rangi. W3C inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Zaidi ya hapo uamuzi ni wa mwandishi, kwa kuwa macho hufuata mazoea. Mwaka 1760 Benjamin Franklin alimwandikia Baskerville habari za bwana mmoja aliyedai kuwa herufi nyembamba za mchapaji huyo zitapofusha wasomaji. Franklin alimpa bwana huyo karatasi ya herufi za William Caslon, zilizozoeleka wakati huo, iliyoondolewa jina, akimwambia ni za Baskerville. Bwana yule akazikuta na dosari zile zile. Programu nzuri humwachia mwandishi achague fonti, ukubwa wake, na mwanga au giza la mandhari.

Mstari unaoandikwa ni bora utulie katikati ya skrini, maandishi yaliyotangulia yakipanda juu, ili shingo isiinamie ukingo wa chini kwa saa nzima. Hesabu ya maneno ijitokeze inapotafutwa.

Kikagua tahajia kinahitaji uangalifu wa pekee. Kikifuata kamusi ya Kiingereza, ukurasa wa Kiswahili hujaa mistari myekundu chini ya karibu kila neno, na mwandishi hujiona anakosolewa kwa kuandika lugha yake. Ndani ya skrini nzima kifuate lugha ya waraka au kizimwe.

Mwisho ni mlango wa kutokea. Kitufe cha Esc kimrudishe mwandishi kwenye dirisha la kawaida papo hapo, kazi ikiwa imehifadhiwa, na kishale kikiwa kwenye herufi ile ile aliyoiacha.