‘Klachi imeisha’: Kabla ya kukubali, pima mkweche wako mwenyewe

Mpelekee fundi wa mtaani gari dogo la zamani linalosumbua kuingia gia, na mara nyingi utajibiwa maneno mawili tu: “Klachi imeisha.” Papo hapo anaanza kukuhesabia: pleti, presha pleti, beringi, na pesa za kushusha giaboksi. Wewe uliyenunua ndai hiyo kwa akiba ya hasla ya miaka, unabaki umekodoa macho. Huenda fundi amesema kweli. Huenda pia shida yako ni raba ya shilingi mia kadhaa, na hakuna aliyejisumbua kuiangalia.

“Klachi imeisha” ni sawa na daktari kukuambia “wewe ni mgonjwa”, kisha akuandikie upasuaji. Klachi huharibika kwa njia mbili kuu, na njia hizo zinapingana: ama haishiki, ama haiachii. Ukijua yako ni ipi, umemaliza nusu ya kazi kabla spana haijatoka mfukoni.

Kati ya injini na giaboksi kuna pleti, kisahani chenye lainingi pande zote mbili, kama ile ya breki. Presha pleti huibana pleti hiyo kwenye flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini. Usipogusa pedali, vyote vimebanana na nguvu inafika kwenye magurudumu. Ukikanyaga, rilisi beringi inasukuma springi za presha pleti, pleti inaachiliwa, injini inazunguka peke yake na wewe unabadilisha gia. Nguvu ya mguu wako hufika kwenye beringi hiyo kwa kebo au kwa mafuta ya breki. Nissan March K11 hutumia kebo. Toyota Corolla 110 hutumia mafuta. Fungua boneti uone yako ni gani, kwa sababu matibabu yanatofautiana.

Tuanze na klachi isiyoshika. Injini inalia juu lakini gari haliongezi mwendo. Barabara ikiwa tambarare huwezi kuligundua mapema; utaligundua ukipanda mlima wa Mai Mahiu na abiria wanne, au ukitoka kwenye feri ya Likoni pale rampu inaposimama. Pengine utasikia na harufu ya kuungua. Kuipima ni rahisi. Ukiwa kilomita kama 50 kwa saa kwenye barabara isiyo na watu, weka gia ya nne ukanyage mafuta hadi chini. Injini ikiruka kwa mlio huku gari likibaki palepale, pleti inateleza. Huna barabara? Simama mahali tambarare pasipo na mtu mbele, vuta breki ya mkono, weka gia ya tatu, ongeza mafuta kidogo kisha achilia klachi polepole. Injini ya gari lenye klachi nzima inapaswa kuzima. Ikiendelea kunguruma tu, una jibu lako. Usirudie jaribio hilo mara kumi. Kila mara unachoma kilichobaki.

Hapo fundi wako huenda ana haki. Lakini mwulize jambo moja kwanza: pedali ina uhuru kidogo pale juu kabla haijaanza kuwa ngumu? Kama haina, hasa kwenye gari la kebo, huenda kebo imekazwa mno na beringi inasukuma springi saa zote, kama vile kuna mguu usioonekana juu ya pedali. Kulegeza nati moja kunaweza kukurejeshea klachi yako, mradi pleti haijaungua tayari.

Ugonjwa wa pili ndio unaowaponza wengi. Gia zinakataa kuingia au zinakwaruza, rivasi ikiwa ya kwanza kulalamika. Zima injini ujaribu gia zote. Zikiingia laini injini ikiwa imezimwa na kukataa ikiwa inanguruma, basi giaboksi yako haina neno. Klachi ndiyo haiachii. Sasa piga pedali mara tatu nne haraka haraka, kama unayepiga pampu ya baiskeli, kisha jaribu tena. Gia ikiingia, tatizo liko kwenye mafuta: kuna hewa ndani au panavuja. Hakuna haja ya kushusha giaboksi kwa hilo.

Tafuta panapovuja. Ingiza mkono juu ya pedali, pale fimbo yake inapoingia kwenye ukuta wa injini. Pakiwa na unyevu, raba za masta silinda zimechoka. Kisha nenda kwenye ile silinda ndogo iliyofungwa kwenye giaboksi, inua kifuniko chake cha mpira. Ikitoka tone, umempata mwizi. Kwa magari mengi ya Japani raba hizi huuzwa kwa seti, na Kirinyaga Road, ile tunayoiita Grogan, hutazunguka sana kabla ya kuzipata. Ila chungulia ndani ya silinda kabla ya kuweka raba mpya. Ikiwa imeliwa na kutu au ina mikwaruzo, raba mpya zitakatwa kwa muda mfupi. Hapo nunua silinda nzima.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili. Mwenzako anakanyaga pedali na kuishikilia chini, wewe unafungua nipo ya silinda ya giaboksi, mafuta na mapovu yanatoka, unaifunga, ndipo anaiachilia. Mnarudia hadi mapovu yaishe, huku mkiangalia kikopo cha juu kisikauke, la sivyo mnaanza upya. Tumia mafuta ya breki yaliyoandikwa kwenye kifuniko cha kikopo, kwa kawaida DOT 3 au DOT 4. Kuna watu humimina oili ya injini au ya stelingi kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu. Oili hiyo hufurisha raba zote, na bili inaongezeka. Mafuta ya breki nayo hula rangi ya gari, kwa hivyo yakimwagika osha mara moja kwa maji.

Kwa wenye kebo, itazame kwanza upande wa giaboksi. Nyuzi zikiwa zimeanza kukatika moja moja, badilisha leo. Ikikatikia Thika Road huwezi tena kutoa gia gari likiwa linavuta. Likizima, watu huweka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, wakahakikisha hakuna mtu wala gari mbele, kisha wakapiga ufunguo. Gari huruka na kuanza kwenda pamoja na injini. Inafika gereji ya karibu hivyo, lakini kwenye jam hiyo mbinu haikusaidii. Ita mtu akuvute.

Kelele pia huzungumza. Ikisikika ukikanyaga pedali, mshuku rilisi beringi. Ikisikika ukiwa nyutro mguu ukiwa umeondoka, na ikanyamaza ukikanyaga, mshuku beringi ya shafti ya giaboksi. Hiyo haiponi kwa klachi mpya, na wengi wamelipia klachi mpya kisha wakarudi nyumbani na kelele ileile. Gari likitetemeka unapoondoka, kagua maunti za injini kabla ya kulaumu pleti. Zikiwa zimepasuka, injini inacheza ngoma yake yenyewe.

Na kama kweli ni ya kushushwa? Hapo usibane pesa mahali pabaya. Gharama kubwa ni kazi ya kushusha giaboksi, kwa hivyo badilisha pleti, presha pleti na rilisi beringi kwa pamoja. Kuna wanaopeleka pleti ya zamani ikabandikwe lainingi mpya. Kwa maoni yangu, kwa gari dogo haina maana, kwani ikibanduka unalipa kazi mara mbili. Kabla mpya haijafungwa, omba uone ya zamani. Toyota huweka kikomo cha milimita 0.3 kutoka juu ya lainingi hadi kichwa cha riveti. Ikiwa bado nene lakini imelowa oili, shida yako ni oili sili ya nyuma ya injini au ya giaboksi, na usipoibadilisha wakati huo pleti mpya italowa vilevile. Flaiwili ikiwa na madoa ya buluu au nyufa ndogo, ipelekwe kwa fundi wa kukereza vyuma. Iliyochimbika sana haiokolewi kwa msasa.

Simama karibu wakati wa kufunga. Pleti ina upande wake. Ikigeuzwa, gia hazitaingia na mtashusha tena. Inawekwa katikati kwa kifimbo maalum, na bolti za presha pleti hukazwa kidogo kidogo kwa kuvukana, si moja hadi mwisho halafu nyingine. Giaboksi isiachwe ikining’inia kwenye pleti, maana uzito wake huipinda. Tena, asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki pekee. Weka stendi hata kama fundi anakucheka.

Kwa kuwa Kenya hairuhusu magari yaliyozidi miaka minane kuingizwa nchini, mikweche hii ya bei yetu tayari imepita mikono mingi, na wengi wa madereva hao walifundishwa “kubalansi” kwenye mlima: kushikilia gari kwa klachi nusu, mafuta nusu. Kwenye mtihani hiyo ni sifa. Kwenye foleni ya kupanda mlima, ni kuichoma pleti kwa hiari. Tumia breki ya mkono, na mguu wako wa kushoto upumzike sakafuni. Ukienda kununua gari la gia, fanya yale majaribio ya gia ya nne na ya rivasi kabla ya kutoa pesa, injini ikiwa imepata moto.

Klachi yako mpya nayo ipe kilomita 500 za kwanza bila kubeba mizigo mizito wala mbio za kuondoka kwenye taa. Wiki ya kwanza, chungulia kikopo cha mafuta kila asubuhi. Yakipungua, kuna raba ambayo bado hamjaipata.