Dago: makazi yanayofuata upepo

Kaskazini kabisa mwa Pemba, katika Wilaya ya Micheweni, Msuka imekaa kwenye ghuba yake karibu na rasi ya Kigomasha. Watu hapa wameishi na bahari kwa muda mrefu. Kwenye magofu ya Msuka Mjini, kibla ya msikiti imechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani karibu 1414. Msikiti ule ulijengwa kwa mawe na mpaka leo unaonekana. Kuna jengo jingine la pwani hii ambalo hujengwa kila msimu kwa asubuhi moja, hukaliwa wiki kadhaa, kisha huachwa lichukuliwe na upepo bila kubakisha hata gofu. Hilo ndilo dago.

Dago ni kambi ya wavuvi walio mbali na kwao. Huenda wakawa wanne na ngalawa moja, huenda wakawa thelathini na mashua mbili na nyavu za kuzungushia. Watahama na sufuria, mchele, unga wa muhogo, chumvi, jamvi na madumu ya maji, na watalala ufukweni mahali ambapo samaki wako karibu kuliko nyumbani. Mtu asipoonekana kijijini mwezi mzima, jirani hujibu kwa maneno mawili tu: yuko dago. Watu wa Kojani, kisiwa kidogo cha mashariki mwa Pemba, wamevuma zaidi kwa safari hizi, lakini vijiji vingi vya kaskazini mwa Pemba vina watu wao.

Mtalii hupiga hema apumzike. Mvuvi hupiga dago afanye kazi, na tofauti hiyo huonekana katika kila kitu, kuanzia mahali pa kulala hadi saa za usingizi.

Anayepanga safari ni upepo. Kusi huvuma kuanzia Mei hadi Septemba hivi, na huvuma kwa nguvu. Kaskazi hushika kuanzia Desemba hadi Machi, na bahari hutulia. Chini ya pepo hizo unapita mkondo wa maji unaokwenda kaskazini mwaka mzima kwenye pwani ya Tanzania. Wakati wa kusi mkondo huo hukimbia sana. Wakati wa kaskazi hupungua kasi, na kwenye pwani ya Kenya hukutana na maji yanayoshuka kutoka Somalia. Pale yanapokutana, maji ya chini yenye rutuba hupanda juu, viumbe vidogo sana vinavyoelea majini huongezeka, dagaa hufuata viumbe hivyo, na jodari na nguru hufuata dagaa. Wapemba waliokuwa wakivuka kwenda Vanga, Shimoni na Malindi kila kaskazi hawakusubiri wataalamu wawaeleze habari hii. Walikuwa na hesabu yao ya mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, unaogawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo mzee aliweza kutaja mwongo ambao samaki fulani huanza kuonekana. Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi na haikai na msimu mmoja, kwa hiyo bahari na shamba viliwekewa mwaka wao wa jua.

Mkifika ugenini hamteremshi mzigo kwanza. Nahodha hushuka na kumtafuta mkuu wa diko, yaani mahali wavuvi wanaposhushia samaki.

“Shikamoo, mzee wetu.”

“Marahaba, wanangu. Mmetoka wapi?”

“Pemba, baba. Tunaomba pahali pa kupiga dago.”

Mazungumzo hayo ni mafupi lakini yana uzito. Asiyeomba ruhusa huonekana mwizi wa samaki, na katika miaka ya karibuni, nyavu kubwa zilipoongezeka, hata aliyeomba hutiliwa shaka.

Kisha huchaguliwa pa kujenga, na hapa ndipo ujuzi unapoonekana. Maji ya Pemba hupanda na kushuka sana: wakati wa bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Bamvu la mwezi Machi na la Septemba hupanda zaidi, kwa sababu wakati huo jua huwa juu ya ikweta na mvuto wake huungana vizuri zaidi na wa mwezi. Anayefika siku za maji mafu akaona mchanga mkavu na kutandika jamvi lake hapo, ataamshwa na bahari kabla ya wiki kwisha. Mjuzi hutafuta mstari wa majani makavu ya baharini na vifuu vilivyosukumwa na bamvu kubwa la mwisho, halafu hupanda juu yake mpaka penye majani ya mchangani yaliyoshika mizizi. Mmea hausemi uongo: ungekuwa unafikiwa na maji ya chumvi kila mwezi, usingeota pale.

Jambo la pili ni usubi. Wadudu hawa wadogo huzaliana kwenye tope la mikoko, na kuumwa nao ni mateso kuliko mbu. Lakini ni dhaifu wa kuruka, upepo mwepesi tu huwashinda. Ndiyo maana dago huwekwa kwenye ncha ya ufukwe inayopata upepo, hata kama kuna ghuba ya mikoko iliyotulia na kupendeza zaidi. Usiku upepo hugeuka: nchi kavu hupoa haraka kuliko bahari, hewa iliyopoa huteremka kuelekea majini, na upepo huo wa nchi kavu, uitwao umande, huweza kuleta wadudu kutoka nyuma. Hapo ndipo makumbi ya nazi huwashwa yatoe moshi.

Halafu maji ya kunywa. Chimba shimo nyuma ya tuta la mchanga, hatua chache tu kutoka baharini, na mara nyingi utapata maji matamu. Hii ni kwa sababu maji ya mvua ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo yakizama mchangani huelea juu ya yale ya chumvi. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, huwepo takriban mita 40 nyingine chini ya usawa huo. Kwenye kisiwa kikubwa chenye mvua nyingi kama Pemba, akiba hiyo ni kubwa. Ufukweni huwa ni tabaka jembamba, na hutakiwa kuchotwa kwa adabu. Kata ya kifuu huteleza juu juu na kujaa maji matamu. Ndoo ikitoswa na kuvutwa kwa haraka, maji ya chumvi hupanda kutoka chini na kisima huharibika kwa muda. Nimewaona vijana wakikaripiwa kwa kosa hili kwa ukali kuliko kwa kuchana wavu.

Kisiwa kidogo hakina nafasi ya kuweka akiba. Misali, magharibi mwa Pemba, hakina wakazi wa kudumu, ingawa wavuvi wa vijiji vingi hupiga dago huko na huja na maji yao katika madumu. Wenyewe husimulia kwamba Nabii Hadhara aliomba mswala akakosa, akasema kisiwa chenyewe kitakuwa mswala, kwa kuwa kimeelekea kibla. Tangu 1998 ni eneo la hifadhi.

Banda lenyewe halina siri kubwa: miti minne, mwamba wa juu, makuti, na pengine tanga la mashua kuziba upande wa mvua. Lakini lilinganishe na hema la dukani. Binadamu aliyelala hutoa kwa pumzi na jasho maji ya robo lita hivi au zaidi kwa usiku mmoja. Chini ya nailoni isiyopitisha hewa mvuke huo hugota kwenye kitambaa na kukudondokea alfajiri. Makuti hupitisha mvuke, na yakilazwa kwa mteremko mkali humwaga mvua. Yanachotaka ni kazi ya kusuka na mnazi karibu.

Kazi ya dago hufuata mwezi pia. Wavuvi wa taa huingia baharini siku za giza, kwa sababu samaki wadogo huivamia taa pale tu ambapo mwezi haujaishinda. Karabai za mafuta zimepisha taa za betri na za sola. Mbalamwezi ikijaa, nyavu hushonwa na wengine hupata nafasi ya kwenda kusalimia nyumbani.

Samaki wasiouzwa wabichi hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani wawe ng'onda. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama, jua humalizia, na bakteria bila maji hawazaliani. Kwa karne nyingi ng'onda ndiyo iliyowezesha dago kuwa mbali na soko. Siku hizi mchuuzi huja na barafu baada ya kupigiwa simu, na mzigo huweza kufika mnada wa Tumbe ukiwa mbichi.

Doa la dago ni choo. Mara nyingi hakipo, na kisima kiko hatua chache tu. Kipindupindu hakihitaji nafasi kubwa zaidi ya hiyo, na sioni sababu ya kulisifu dago huku tukilinyamazia hilo. Malaria nayo ina habari yake: Zanzibar imefanikiwa kushusha maambukizi hadi chini ya asilimia 1, kwa hiyo mvuvi anayerudi kutoka Bara na homa huulizwa kwenye kituo cha afya alilala wapi wiki zilizopita.

Wengine hawakurudi. Kaskazi moja ilifuatwa na nyingine, mtu akaoa Kwale au Kilifi, banda la makuti likawa nyumba ya udongo, watoto wakazaliwa. Wapo waliofika Kenya miaka ya 1930, na wengine walifuata baada ya Mapinduzi ya 1964. Watoto na wajukuu wao walikua hawana kitambulisho, na bila kitambulisho hakuna leseni ya uvuvi, hakuna akaunti ya benki, wala ardhi kwa jina lako. Watu wa bahari walizuiwa kisheria kuvua. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iliwatambua Wapemba kuwa mojawapo ya makabila ya nchi hiyo, watu wanaokadiriwa kuwa 7,000 hivi, na mwezi Julai mwaka huo wakaanza kukabidhiwa hati zao. Ndugu zao wa Pemba wanaovuka leo kwenda dago upande ule bado ni wageni, na wanahitaji vibali.